Kamba ya Ngamia wa Bi Shamsa

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale sasa hivi. Nikishaimaliza hadithi hii mzigo ni wenu, mimi simo.

Palikuwa na watu watatu waliokuwa wakiwatembeza wageni katika mbuga moja ya jangwani. Elema alikuwa na macho: swala akitikisa sikio ng'ambo ya bonde, yeye kashamwona. Wario alikuwa na mikono ya usukani. Gari lizame mchangani mpaka mlangoni, atalitoa huku akipiga mluzi. Na Darmi? Darmi alikuwa na maji. Hatoki bila dumu lake, hata akienda chooni, na wenzake walimtania weee! Yeye ndiye pia aliyewasomea wageni kanuni pale getini: usimlishe mnyama, usiache barabara, na kubwa kuliko zote, usishuke garini. Mfanyakazi anayemshusha mgeni hana kazi tena.

Siku moja wakamtembeza Bi Shamsa, mjane mwenye mifugo mingi. Njiani gurudumu likapasuka. Wario na Elema wakashuka kulibadilisha, Darmi akabaki ndani na mgeni.

"Mwanangu," Bi Shamsa akanong'ona, "nilizaliwa hapa kabla hapajawa mbuga. Mafiga ya mama yangu yako nyuma ya kile kilima. Nifungulie niyaone tu, nirudi."

Darmi alizijua kanuni, si ndiye msomaji? Lakini mafiga ya mama, jamani! Akaufungua mlango.

Mara vumbi likainuka, likafunika kilima na nyayo. Lilipotulia na gurudumu kufungwa, Bi Shamsa hayupo.

"Ameshuka saa ngapi?" Wario akauliza.

"Sijui. Nilisinzia," Darmi akajibu.

Elema akapanda juu ya gari. Mtu hakumwona, ila aliwaona choroa, wote wamegeuza pembe zao ndefu na kulikodolea macho korongo moja. "Yuko kule!" Bila macho yake wangeelekea kwingine kabisa.

Wario akapunguza upepo magurudumuni, akalipitisha gari kwenye mchanga unaokwepwa hata na ngamia. Bila mikono yake wangefika wamechelewa.

Walimkuta Bi Shamsa amelala, midomo imepasuka, hasemi. Darmi akamdondoshea maji kidogo kidogo mpaka akafumbua macho. Bila dumu lake wangebeba maiti.

Alipopona, Bi Shamsa akaja getini akimvuta ngamia jike mwenye ndama. "Huyu ni wa aliyeniokoa. Hagawanywi wala hauzwi." Kisha akamgeukia mkuu wa mbuga. "Na asilaumiwe mtu. Nilishuka mwenyewe, binti huyu Darmi alikuwa amelala, kama alivyosema."

"Basi apewe Darmi," Elema akasema. "Ukame ulimmalizia ngamia wote, na mama yake mgonjwa hana maziwa." Wario akakubali, akamwekea kamba mkononi.

Darmi alishindwa kuwatazama. Akinyamaza, mama yake atakunywa maziwa jioni hiyo hiyo.

"Mlango niliufungua mimi," akasema, machozi yakimtoka. "Nikawadanganya. Nusura nimuue."

"Mimi ndiye niliyemsihi," Bi Shamsa akasema, akajifunika uso.

Mkuu wa mbuga akamwambia Darmi avue sare. Wario akafoka, "Sisi tunahangaika kumtafuta, kumbe wewe unajua alikoelekea!" Elema akajibu polepole, "Hata hivyo, maji yalikuwa yake."

Kamba imeanguka chini. Kiwele kimejaa, na hakuna anayethubutu kumkamua ngamia yule. Haya, nyie mnaopenda kuhukumu watu: mngeiokota kamba hiyo, mngempa nani?