Nakijwa Aliyepanda Kumtafuta Mchimbaji

"Watoto, mko?"

"Tuko!"

"Masikio mmekuja nayo?"

"Tumekuja nayo!"

Basi yategeni. Na wewe Mbonea, acha kumfinya mwenzako, mimi kisa sikirudii mara mbili.

Zamani, zamani ile ya zamani, mlima huu ukiwa bado haujazoea kukanyagwa na watu, palikuwa na kijiji kilichoishi kwa mfereji mmoja. Maji yalitoka juu, yakateremka, yakateremka, yakaingia kwenye ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji, na kutoka hapo kila shamba lilipata zamu yake. Nani aliuchimba mfereji huo? Hakuna aliyejua. Wakasema Mungu mwenyewe aliuchimba kwa kidole. Kwa hiyo kila mwenye zamu, kabla ndiva haijazibuliwa, alisimama ukingoni akasema, "Asante, Mchimbaji." Maneno mawili tu! Ukiyasema, maji. Usipoyasema, hupati hata tone.

Aliishi hapo mama mmoja, Nakijwa. Mwaka ule alikuwa amemzika mwanawe Kadeghe, mtoto wa miaka minne, kwa homa ya siku tatu. Zamu yake ilipofika akasimama ukingoni, akafungua kinywa, maneno yakakataa. Akajaribu tena. Yakakataa.

"Sema, mwanangu," akamhimiza Mzee Sengondo, mtunza ndiva.

"Siwezi, baba. Nitakuwa nasema uongo. Sijui kama huyo Mchimbaji yupo."

Lo! Watu wakashika vichwa.

"Hujui?" akasema Mzee. "Maji haya yamekata kona saba, yamezunguka jabali, yamefika mpaka kwako. Maji yana akili gani ya kufanya hivyo? Lazima yuko aliyeyaelekeza."

"Na aliyeelekeza maji shambani kwangu, mbona homa hakuielekeza pengine?"

Mzee akakosa jibu. Na mtu mzima akikosa jibu mbele za watu hufanya nini, wanangu? Hukasirika! "Basi hakuna maji mpaka useme."

Siku ya kwanza maharage yakalegea. Siku ya nne majani ya chini yakawa makavu. Nakijwa alikuwa amebaki na watoto wawili nyumbani, na chakula chao mpaka mvua za vuli kilikuwa ni hayo maharage. Majirani wakamjia. "We Nakijwa, ukaidi gani huu? Sema tu, kwani midomo itakatika?" Lakini yeye akawaza: jambo hili kama ni kweli, ni zito mno kulisema kwa ajili ya maharage. Na kama si kweli, nitamwangaliaje marehemu mwanangu?

Akajifunga kibwebwe, akatia viazi kikapuni, akaufuata mfereji kwenda juu. Akapanda, akapanda, akapanda. Magoti yangu yananiuma kusimulia tu! Alipofika kwenye jabali kubwa, akaona mikwaruzo. Alama za jembe, moja baada ya nyingine, mamia kwa mamia. Na ndani ya ufa, jembe lenyewe, limeliwa na kutu mpaka limebaki kipande cha kushika kwa vidole viwili. Kumbe ni watu! Waliochimba ni watu. Mnadhani alifurahi? Aliketi pale pale akalia mpaka akachoka.

Kesho yake akalitua jembe mbele ya Mzee Sengondo, watu wote wakitazama. "Mchimbaji wenu huyu hapa. Ni watu, kama mimi na wewe."

Mzee akaligeuza, akaligeuza. "Jembe lina mhunzi," akasema. "Mhunzi ana mama, na mama naye ana mama. Tukirudi nyuma hivyo hivyo, tutamkuta wa kwanza aliyewaanzisha wote."

"Na yeye alianzishwa na nani?"

"Yeye hakuanzishwa."

"Kama yeye aliweza kuwepo bila kuanzishwa, kwa nini mlima usiweze? Baba, mwisho wa safari hiyo mimi siujui. Na wewe huujui. Tofauti yetu ni kwamba mimi nanyimwa maji."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajiziba mdomo haraka.

Mzee akamtazama Nakijwa, akaona macho yamemvimba kwa kulia. "Mwanangu, ulipoliona jembe hili ulifurahi?"

"Nililia."

"Ulilia nini?"

Hapo Nakijwa akapasuka. "Nilitaka nimkute! Nilitaka awepo, baba! Nimwambie Kadeghe wangu alikuwa na miaka minne tu. Kama hayupo, nitamwuliza nani?"

 

Mzee Sengondo akaketi chini, kwenye tope. "Miaka arobaini nasema asante huku nawaza ugali," akasema. "Sijawahi hata siku moja kupanda kumtafuta. Wewe usiyejua kama yupo, umepanda. Kama yupo, hakunituma nimnyime maji mtu anayemtafuta. Kama hayupo, nimekutesa bure. Kwa vyovyote vile, nimekukosea."

Akainuka, akaizibua ndiva kwa mikono yake mwenyewe. Maji yakaenda, yakaenda, yakaingia kwenye maharage ya Nakijwa.

"Asante, baba," akasema Nakijwa.

Tangu mwaka ule, anayeshukuru alishukuru, mwenye swali aliuliza, na wote walipata maji. Nakijwa naye, kila zamu yake ikifika, alisimama ukingoni akauliza, "Upo? Kadeghe wangu hajambo?"

Alijibiwa? Hilo mimi sikuambiwa, wala sitawadanganya. Nilichoambiwa ni kwamba alizeeka akiuliza, meno yakamtoka akiuliza, na mara ya mwisho aliuliza huku anatabasamu, akasimama kidogo, akitega sikio.

Kwa hiyo wanangu, asiyejua msimnyime maji. Na ninyi mnaosema mnajua, pandeni mkatafute.

Kisa nilikibeba kutoka kwa bibi yangu, nimekitua miguuni penu. Mwenye nguvu akibebe.