Mbuzi wa Mtawa wa Nguzoni

Huko nchi ya Shamu alikuwako mtawa, Zenobi, aliyeishi juu ya nguzo ndefu akisali na kusifika kwa kutokula nyama, na watu wakiziogopa laana zake. Siku moja alimwita Shamuni, mjane aliyempandishia chakula kwa kikapu na kamba.

"Dengu zimenichosha. Nichinjie mbuzi wako, la sivyo nitakulaani."

"Baba, ndiye huyo mmoja tu anayenipa maziwa."

"Nimeshasema!"

"Haya, baba. Jumapili."

Jumapili mahujaji walijaa chini ya nguzo, wengine wakilia kwa uchaji. Shamuni akapenya katikati yao akimvuta mbuzi, akapaza sauti:

"Baba mtakatifu! Mbuzi wako nikuchomee au nikuchemshie?"

Nyuso zote zikainuka. Zenobi akakohoa.

"Mbuzi gani, mwanangu? Mimi nyama siijui hata harufu."

"Kwa hiyo nimrudishe nyumbani?"

"Mrudishe upesi, watu wanataka kusali."