Nani Aliifuta Sauti ya Mzee Shemdoe?

Nyie mkiniona nimekaa mnadhani nimewakalia nyie. Maharage hayajachambuliwa, mgongo unaniuma, na mnataka hadithi. Tena si ya sungura, mnataka ya kompyuta, kwangu mimi niliyeishia darasa la pili. Haya. Nasimulia mara moja. Atakayenikatiza akachambue maharage.

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, hata simenti ya baraza hii ilikuwa imeshamwagwa, palikuwa na kikundi cha vijana hapa Muheza waliojiita watu wa Linux. Linux ni kitu cha kuendeshea kompyuta. Hakina mwenye duka. Unakichukua bure, ukiharibu umeharibu mwenyewe. Walikuwa wakikutana sebuleni kwangu kwa sababu nilikuwa na viti vya kukodisha na ukuta mweupe. Mmoja anasimama, anawafundisha wenzake jambo, kompyuta inatupa maandishi ukutani, watu wanatazama. Hakuna ngoma, hakuna pilau. Wanatazama maandishi, na wanacheka! Mimi nawachemshia chai nikijiuliza kama wazazi wao wanajua.

Aliyekianzisha kikundi ni Mzee Shemdoe, fundi wa simu mstaafu. Mzee huyo alikuwa na mdomo. Akieleza kitu, hata mimi jikoni naacha kukoroga. Kisha koo likaugua, wakampasua Dar es Salaam, akarudi mzima ila sauti ikabaki hukohuko. Bahati yake, vijana walikuwa wamemrekodi kila alipofundisha. Mafundisho yake yote yalikuwa kwenye diski moja nyeusi, ukubwa wa kiganja, ya kuchomeka kwenye kompyuta. Kila mkutano ulifunguliwa kwa kumsikiliza kidogo. Naye mwenyewe anakaa kiti cha nyuma, mkono gotini, anajisikiliza. Sauti yake haikuwa mahali pengine popote. Na msiniulize habari za nakala. Kila mmoja alidhani mwenzake anayo.

Kikundi kilikuwa na desturi mbili, zote za Mzee. Ya kwanza, ukisimama kufundisha usisome karatasi. Fanya kwa mikono yako, watu waone. Ya pili, msemaji hakatizwi mpaka mwenyewe aseme "maswali". Una neno? Nyoosha mkono, ngoja. Maana huko nyuma walikuwa wakimzomea msemaji, "Umekosea! Umekosea!" mpaka binti mmoja akatoka analia na hakurudi tena.

Basi siku hiyo zamu ilikuwa ya Mwantumu, mshona nguo wa pale sokoni, mara yake ya kwanza kusimama. Anaonyesha namna ya kuiweka Linux kwenye flashi, hii mnayoning'iniza kwenye funguo, uende nayo ukafufue kompyuta iliyokufa. Ila kuiweka humo ni kufuta kila kilichokuwemo, kwa hiyo lazima uitajie kompyuta jina la kitu cha kufuta. Na majina hayo kompyuta inayagawa kwa foleni. Herufi a ni ya kompyuta yenyewe, kilichochomekwa kwanza kinaitwa b, kinachofuata kinaitwa c. Mwantumu alitazama mapema: diski ya Mzee ni b, flashi ni c. Akaweka kichwani.

Wakamsikiliza Mzee kidogo, wakaja kwenye chai. Wakati wa chai Hizza kinyozi, mtu wa simu mbili, sijui za nini, akaona zote zimekwisha chaji. Akachomoa diski, akachomoa flashi, akachomeka simu zake. Chai ilipokwisha akatoa simu, akarudisha kila kitu kwenye tundu lake. Ila alianza flashi, ndipo diski. Foleni ikageuka.

Mwantumu akasimama, kanga kaifunga kiunoni kama anakwenda kupigana.

"Ndugu zangu, flashi yetu hapa ni c. Naandika c. Mnaona? Sina karatasi."

Akabonyeza. Na hiyo Linux haina tabia ya kukuuliza una hakika. Ukiiambia futa, inafuta.

Kiti cha mbele alikaa Sebarua, katibu wa kikundi, kijana wa shati lililopigwa pasi hadi mikononi. Akaona taa ya ile diski nyeusi inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Ya flashi imetulia. Akaelewa. Akanyoosha mkono.

Mwantumu anaeleza, mkono uko juu. Mwantumu anatania, watu wanacheka, mkono uko juu. Ulipochoka akaushikilia kiwiko kwa ule mwingine. Mdomo ameufumba.

"Haya, maswali?" akasema Mwantumu. "Kaka Sebarua, naona umengoja mpaka umeota mizizi."

"Si swali," akasema Sebarua. "Unaifuta diski ya Mzee."

Wakachomoa, wakachomeka, wakapekua kila pembe. Sauti haimo. Mzee Shemdoe kule nyuma, mkono gotini, anangoja kama mtu aliyeambiwa umeme utarudi.

Hapo ndipo niliposikia vijana wasomi wanavyobwatukiana.

Mwantumu akasema, "Mimi kosa langu liko wapi? Nilitazama, ilikuwa c. Desturi inasema usisome, fanya. Nimefanya. Aliyegeuza foleni kimyakimya yumo humu, ana simu mbili!"

Hizza akasema, "Mimi kosa langu liko wapi? Kila kitu nilirudisha kwenye tundu lake. Mimi sikufuta hata herufi. Dada, wewe kwenye cherehani unakata kitambaa kabla ya kukipima tena? Na huyu je, aliyeona? Mkono juu kama nguzo ya umeme, na sauti anayo!"

Sebarua akasema, "Mimi kosa langu liko wapi? Sikuchomoa, sikubonyeza. Sheria inasema nyoosha mkono, nikanyoosha. Mkiona sheria ni mbaya, mwenye sheria yuko pale nyuma."

Hapo nikaweka birika chini. Nikamwambia, "Sebarua mwanangu, kaa chini, ama utoke na kiti changu ukiache."

Mzee akainuka. Akaja mbele polepole, akakaa kwenye kompyuta, akaandika, maneno yakatokea ukutani. Nilisomewa: "Mwenye kosa atayasema mafundisho yangu yote upya. Mbele yangu. Mtafuteni wenyewe." Akarudi kwenye kiti chake akaomba chai kwa kidole.

Wakakaa, wakabishana, chai ikaisha nikapika nyingine. Mwisho wakakubaliana mtu mmoja.

Mtu huyo alilipa. Kila mkutano akasimama mbele, akatafuta kichwani maneno ya Mzee na kuyasema moja baada ya jingine. Mzee ana kijiko na kikombe. Akikosea, kijiko kinagonga, anarudi mwanzo. Hakuna kunyoosha mkono, hakuna kungoja maswali. Nimesikia kijiko kile mpaka nikakichukia, na kikombe changu kikapata ufa. Na walikuwa wanarekodi. Diski ikajaa tena, kila neno la Mzee limo, ila sauti si yake. Siku hizi mkutano ukifunguliwa inasikika sauti ya aliyekosa. Mzee bado anakaa kiti cha nyuma, lakini mkono hauweki tena gotini.

Jina simtajii mtu. Nyie ndio mmejifanya mahakimu kwenye baraza langu. Mwantumu aliyebonyeza bila kutazama tena, Hizza aliyegeuza foleni asiseme, au Sebarua aliyeona akanyamaza kwa adabu: je, nani alistahili kusimama mbele ya kijiko kile?