Uwanja Uitwe Kwa Nani

Sogeeni. Wa mbele wakae, wa nyuma wasimame, na mwenye simu aizime. Nitawasimulia, kisha nitawauliza, na jibu la "wote wako sawa" silitaki. Hilo ni jibu la mtu anayetaka kwenda kulala.

Katika mtaa mmoja wa Dar es Salaam, kule ambako nyumba za zamani zimebanwa na maghorofa kila upande, waliishi watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Bi Somoe, mjane, mwenye nyumba yake ndogo ya urithi. Kipaji chake kilikuwa kukaa. Msicheke. Wapo wanaojua kukimbia na wapo wanaojua kusema. Yeye alijua kukaa. Mwaka ule maji yalipokatika mtaani alikwenda ofisini na mkeka wake, akautandika mlangoni kwa mkubwa wa pale, na hakuinuka mpaka alipopigiwa simu kutoka nyumbani kwamba bomba linatoa.

Wa pili ni Mrisho, mpishi wa shughuli. Yeye kipaji chake kilikuwa mkononi. Mpe mchele wowote, akiushika kiganjani na kuunusa anajua unataka maji kiasi gani na moto wa namna gani. Sufuria lake la pilau halikuwahi kupungukiwa. Waje walioalikwa, waje na wazamiaji, kila mtu aliondoka anajipangusa midomo.

Wa tatu ni Agripina, msusi kutoka Ifakara, mpangaji wa chumba kimoja. Kipaji chake kilikuwa sauti. Akiimba uani huku anafua, watu wa ghorofa ya tano walifungua madirisha. Jumapili aliongoza kwaya kanisani. Lakini mtaani kwetu sikukuu haikuuliza dini. Krismasi sinia la kwanza la Agripina lilikwenda kwa Bi Somoe, na kila mkesha wa Idi Agripina aliwasuka watoto wa Kiislamu mpaka vidole vikamuuma.

Sasa, katikati ya mtaa huo palikuwa na uwanja. Si mkubwa, lakini ndio ulikuwa pumzi yetu. Idi ikifika zilisimamishwa bembea za mbao, wakaja wauza ubuyu na kashata, mishikaki ikafuka moshi, na watoto wakatembea wima kwa kuogopa kuchafua nguo mpya. Mrisho alipika pilau la mtaa mzima palepale. Krismasi ilikuwa hivyo hivyo, na mwaka mpya pia. Wazee wetu walisherehekea pale, na hakuna aliyewahi kuomba ruhusa.

Kisha akaja Bwana Mkumbukwa. Alinunua nyumba tatu upande wa kaskazini, akajenga ghorofa. Akanunua na za kusini, akaziacha kama zilivyo na kuzipangisha. Nusu ya mtaa ikawa chini ya paa lake. Alipotaka mahali pa kuegesha magari ya wapangaji wa ghorofani, akautazama uwanja wetu.

Bwana huyu hakuwa mjinga. Alikwenda kwa watu wa ardhi akawaambia ule uwanja umetelekezwa, hautumiki tena, ni maficho ya vibaka tu. "Njooni siku ya Idi yenyewe," akawaambia. "Mkiukuta mtupu siku ya sikukuu, nipeni. Mkiukuta una watu, nitanyamaza." Mjumbe wetu wa mtaa aliisikia habari hiyo, akatuletea. Tukajua kwamba Idi ile, tukikaa ndani, tumekwisha.

Siku ya mwisho ya Ramadhani mafundi walifika na mabati na nguzo. Wakaanza kuuzungushia uwanja uzio, ili kesho yake asiingie mtu. Watu walitoka milangoni, wakatazama, wakanong'ona, wakarudi ndani. Bi Somoe alitoka na mkeka. Akaenda moja kwa moja pale lilipoachwa pengo la lango, akatandika, akakaa.

"Mama, tunaomba utupishe," fundi mkuu akamwambia.

"Nimeshakaa, baba."

"Tumepewa kazi tuimalize leo."

"Imalizeni. Mimi na nyinyi hatugombani. Zungukeni huko kote, hapa pana mtu."

Wakazunguka kote. Jua lilikuwa kali, naye alikuwa amefunga. Mwanawe wa Bagamoyo alikuwa amemtumia gari limchukue akale sikukuu na wajukuu asiowaona mwaka mzima. Akamwambia dereva arudi nalo tupu. Bwana Mkumbukwa akaja mwenyewe, akasimama mbele ya mkeka, viatu vyake vinang'aa.

"Mama yangu, unajidhalilisha."

"Nimekaa kwenye mkeka wangu, mwanangu. Aliyesimama juani na suti ni wewe."

Akawageukia mafundi. "Mbebeni."

Mafundi wakatazamana. Fundi mkuu akaweka nyundo chini. "Bosi, mabati tutapiga. Mama wa umri huu simshiki. Nitamwambia nini mama yangu?"

Mafundi wakaondoka. Jua lilipozama Bi Somoe alifuturu palepale kwa tende na maji, na asubuhi ya Idi ilimkuta palepale, miguu imevimba, pengo liko wazi. Lau si yeye, uwanja ungefungwa, na hadithi ingeishia hapo.

Lakini uwanja wazi si sikukuu. Kila mwaka mchele wa pilau ulitolewa na mfanyabiashara mmoja mwenye duka la jumla. Asubuhi ile alituma ujumbe: mwaka huu msinitegemee. Wenye bembea nao hawakuja; wote walikuwa wameonywa na Bwana Mkumbukwa. Uwanjani alikuwapo Bi Somoe peke yake, na kunguru.

Mrisho siku hiyo alikuwa amekubali kupika kwenye karamu ya tajiri mmoja Mbezi, mtu aliyempa kazi kubwa kuliko zote za mwaka. Alikuwa amekwishavaa. Alipopita akamwona yule mama na lile pengo, akasimama. Akatoa simu.

"Mzee, uniwie radhi. Leo sifiki."

"Mrisho, unajua ukinifanyia hivi hutapika kwangu tena?"

"Najua, mzee."

Akaliviringisha sufuria lake mpaka katikati ya uwanja, akalibandika juu ya mafiga. Kisha akapita mlango kwa mlango na beseni. "Kikombe kimoja cha mchele," alisema. "Wowote ulio nao. Na kipande cha nyama kama kipo, na kama hakipo nipe kitunguu."

Watu walitoa. Huyu mchele wa Kyela, huyu wa Ifakara, huyu chenga za dukani za bei ya chini. Mpishi mwingine angelia, maana michele hiyo haiivi pamoja. Mmoja ukiwa tayari, mwingine umekuwa uji. Mrisho aliichambua kwa kiganja, akaianza migumu, akaisubiri, akafuata na laini, akafunika na kupalia makaa juu. Moshi ukapanda. Harufu ya iliki na bizari nyembamba ikaingia vyumbani, ikapanda ngazi za ghorofa, ikafika mpaka kwa wale wapangaji wageni waliokuwa wakila mkate na chai. Lau si yeye, ungekuwapo uwanja wenye bibi na mkeka tu.

Hata hivyo watu hawakutoka. Kila aliyetoa kikombe chake alimwambia Mrisho maneno yaleyale: "Chukua, ndugu yangu, ila mimi usinione huko. Nimepanga kwake." Mbeya nzima na Morogoro nzima vilikuwa ndani ya sufuria, na wenyewe wako nyuma ya mapazia. Saa za watu wa ardhi kufika zilikuwa zinakaribia.

Agripina alikuwa mlangoni kwake, kwenye nyumba ya Bwana Mkumbukwa. Alimwona msimamizi wa nyumba amesimama kivulini akiangalia nani anatoka. Akavua kandambili, akavaa viatu vya kanisani, akatoka. Msimamizi akamwambia, "Agripina, ukivuka hapo, mwisho wa mwezi utafute pa kwenda. Tena hii si sikukuu yako."

"Nani kakwambia?" akajibu, na akavuka.

Akapanda juu ya kreti la soda karibu na sufuria. Hakuwa na ngoma wala kipaza sauti. Akaimba:

*Funga lango, funga njia,*
*sikukuu haifungwi;*
*chumba kodi nalipia,*
*furaha haipangishwi.*

Madirisha yakafunguka. Akarudia, na safari hii akaita majina. Akamwita mama Sharifa, akamwita babu Kitwana, akawaita wale mapacha aliowasuka jana yake: "Nywele nilizosuka zimekwenda wapi? Nilisuka za kukaa ndani?" Mapacha wakachomoka mbio, na mama yao akatoka kuwafuata, na akiisha kutoka hakurudi. Akatoka wa pili. Mtu mmoja anaogopa, wawili wanaogopa nusu. Walipokuwa ishirini hofu ikawa haina pa kukaa. Wenye bembea wakasikia wimbo mtaa wa pili, wakaja na mbao zao. Mwuza ubuyu akaja. Wanawake wakadaka kibwagizo, masinia yakagongwa yakawa ngoma. Wakashuka hata wa ghorofani, ambao uwanja ulitakiwa kwa magari yao. Lau si yeye, pilau lingepoa na mapazia yangebaki yamefungwa.

Watu wa ardhi walifika wakiwa na Bwana Mkumbukwa. Hawakuweza kupita kwa wingi wa watu. Mkubwa wao akamuuliza, "Hapa ndipo pasipotumika?" Bwana Mkumbukwa akafungua mdomo, na Mrisho akampa sahani. Wiki iliyofuata mabati yakang'olewa.

Haikuisha bila gharama. Wajukuu wa Bi Somoe walirudi shule bila kumwona, na miguu ile mpaka leo inamsumbua. Tajiri wa Mbezi hakumpigia Mrisho tena. Agripina alitolewa chumbani kama alivyoahidiwa. Sasa anakaa mbali, ng'ambo ya mto, na kuja kusuka hupanda magari mawili.

Sasa mtanziko. Manispaa wamesema uwanja upewe jina, uandikwe kwenye ramani, asitokee mwingine wa kusema umetelekezwa. Nanyi mnajua desturi ya mji huu: mahali huitwa kwa mtu. Na jina ni moja. Kwa nani?

Mtaa umegawanyika. Wa upande mmoja wanasema: Kwa Bi Somoe. Bila pengo, wa kupika angepikia wapi? Wengine wanajibu: lakini yeye yuko kwenye nyumba yake mwenyewe, nani angemfukuza? Wenye kupenda pilau wanasema: Kwa Mrisho, maana ndiye aliyewafanya watu watoe kitu, na mtu aliyetoa kikombe chake keshaanza kutoka. Wanajibiwa: mchele ulikuwa wa watu, na sufuria lenyewe lisingejaza watu uwanjani. Vijana wanasema: Kwa Agripina. Sikukuu haikuwa yake, na ndiye aliyepoteza pa kulala. Wanajibiwa na wazee: aliwaita watu kwenye chakula alichokikuta kimepikwa, mahali alipopakuta pamelindwa.

Tuliwauliza wenyewe. Bi Somoe alisema, "Mimi nilikaa tu." Mrisho alisema, "Mimi nilipika tu." Agripina alisema, "Mimi niliimba tu." Kwa hiyo hawatusaidii.

Mwenye kuandika kibao amesimama na brashi yake, rangi inakauka. Wewe uliyenyamaza pale nyuma, na wewe mwenye mtoto mgongoni, na wewe unayejifanya unaangalia saa: brashi nawapa. Mngeandika Kwa nani?