Matufaha ya Shangazi Ndovu

Paukwa!

Pakawa!

Sijasikia. Waliokaa karibu na chungu wamejibu, waliokaa karibu na mlango wanasinzia. Paukwa!

Pakawa!

Haya sasa. Hapo zamani za kale, muhuri ulikuwa umeshagunduliwa, huruma ilikuwa bado inajadiliwa. Juu ya mlima wenye baridi palikuwa na miti ya matufaha. Chini ya miti palikuwa na mwamba. Katika ufa wa mwamba aliishi Pimbi.

Pimbi alikuwa mdogo. Hana mkia. Hana pembe. Hana cheo. Alichokuwa nacho ni shangazi, na shangazi mwenyewe alikuwa Ndovu.

Msicheke. Wanyama walishacheka, inatosha.

"Wee Pimbi!" Nyani humwita kutoka mtini. "Shangazi yako hajambo? Mwambie akukanyage kidogo, tuone undugu!"

"Hajambo, anakusalimu," Pimbi hujibu, akaendelea kuota jua. Baba yake alimwambia, na baba yake aliambiwa na babu: sisi na Ndovu ni ukoo mmoja. Ilikuwaje, hakuna aliyeeleza. Mambo ya ukoo ukiyauliza sana, utaambiwa na usiyoyauliza.

Kila asubuhi Pimbi hupanda kilimani, tipu, tipu, tipu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Kila asubuhi hivyo hivyo. Mpaka asubuhi moja Pimbi akaona ngozi ya shangazi yake inaning'inia kama nguo ya kuazima.

"Nimekula. Na wewe, Shangazi?"

Ndovu akashusha mkonga. Kisha akasema, "Jino langu la mwisho limeanguka. Majani yanatoka kinywani kama yalivyoingia. Leo siku ya nne."

Ndovu asiyetafuna hana siku nyingi. Hilo kila mnyama alilijua, hata wasiojua kuhesabu siku.

"Na matufaha je?"

"Ah, nayapenda! Lakini tufaha kwa kibogoyo ni jiwe lenye harufu nzuri."

Pimbi akawaza njia nzima. Jiwe halitafuniki. Lakini tufaha linapikika. Likipikika linapondeka. Likipondeka linakuwa rojo, na rojo halihitaji jino. Akafika chini ya miti. Matufaha yameanguka tele, mekundu kwa manjano. Akainama aokote.

"Acha!"

Ni Korongo, Karani wa Matunda. Alisimama kwa mguu mmoja. Mguu wa pili aliukunja tumboni. Akiulizwa, husema ni wa kazi za dharura. Tangu ateuliwe hakuna aliyewahi kuuona ukigusa ardhi.

"Tunda lililoanguka ni mali ya Baraza mpaka likaguliwe," alisema Korongo.

"Lakini yanaoza, Mheshimiwa Karani."

"Yanaoza kwa utaratibu. Unayataka ya nini?"

"Ya mgonjwa. Shangazi yangu Ndovu."

Korongo akamtazama Pimbi. Akatazama kilimani. Akamtazama Pimbi tena, safari hii kwa jicho la pili.

"Mnafanana wapi?"

Pimbi akafungua kinywa. Mbele palikuwa na meno mawili marefu, yamechongoka kama pembe ndogo za ndovu.

"Meno mawili," Korongo akaandika. "Hayajathibitishwa. Undugu ni kufanana, kijana. Baraza litakaa mwezi ukiandama."

"Mwezi ukiandama atakuwa ameshakufa!"

"Basi utatujulisha. Hilo nalo lina fomu yake."

Pimbi akaondoka. Hakwenda mbali. Alikaa mwambani akayarudia yale maneno. Tunda lililoanguka. Lililoanguka. Akainua macho juu ya mti. Kule juu hakuna lililoanguka.

Akapanda. Akang'ata tufaha moja kwenye kikonyo, akashuka nalo taratibu, akaliweka mwambani. Akapanda tena. Lile lililomponyoka likalia pu! chini, na Korongo akalisogeza upande wa Baraza kwa mdomo. Akapanda. Akashuka. Akapanda. Akashuka. Jua likafika utosini, matufaha yakafika saba.

"Unafanya nini wee?" Nyani aliuliza.

"Nampikia shangazi. Hana jino."

Nyani akafungua kinywa atanie. Akakifunga. Kisha akanyoosha mikono yake mirefu, akachuma, akachuma, akashuka amekumbatia matufaha kifua kizima.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Mimi sina shangazi. Ningekuwa naye, ningependa apikiwe."

Pimbi akamenya kwa meno, kwaru, kwaru. Akatoa mbegu. Akateleka chungu juu ya mafiga. Sasa, kwao pimbi chakula chao cha jikoni ni maharage, na maharage hupikwa kwa maji mengi. Naye akajaza maji mpaka ukingoni. Yakachemka, akampelekea shangazi. Ndovu akavuta kwa mkonga, fyuuu!

"Asante, mwanangu," alisema kwa upole. "Maji haya yamewahi kukutana na tufaha. Nimetambua."

Pimbi akacheka huku machozi yanamlengalenga. Akarudi jikoni. Safari hii maji kiganja kimoja tu, maana tufaha huja na maji yake. Moto wa makaa. Mfuniko. Akasikiliza. Pwoto, pwoto, pwoto. Yakalainika. Akaponda kwa mwiko, akaponda, mpaka rojo likawa zito, la rangi ya asali. Harufu ikapanda mlima mzima.

Harufu haina utaratibu. Ikamfikia na Korongo.

"Chungu hiki nakishika mpaka Baraza likae."

"Haya hayakuanguka, Mheshimiwa! Tumeyachuma!"

"Yameanguka humu chunguni," alisema Korongo. "Hukuyaweka yakashuka? Kushuka bila mbawa ni kuanguka."

Akaushika mkono wa chungu kwa mdomo. Pimbi akaushika ule mwingine kwa meno yake mawili yasiyothibitishwa. Nyani akakaa katikati, hajui amuume nani.

Ndipo ardhi ikasema gu. Gu. Gu. Ndovu alikuwa anashuka mlima, polepole, akipumzika kila hatua ya tatu.

"Karani," alisema, "huyo ni mtoto wa kaka yangu."

"Kwa ushahidi gani, Mama? Mnafanana wapi?"

"Wa kufanana nami ninao. Wako bondeni, masikio kama haya, mkonga kama huu. Juzi walipita. Wakasema pole. Wakaendelea na malisho." Akavuta pumzi. "Huyu ndiye aliyekuja na mwiko."

Rojo peke yake likasema pwoto.

Korongo akamtazama Ndovu, mifupa imechora ngozi. Akamtazama Pimbi, masizi mpaka masikioni. Akaachia chungu. Kisha, taratibu, mbele ya mashahidi, akashusha mguu wa pili.

"Dharura," alisema.

Akatoa karatasi, akaandika: *Shangazi na mtoto wa kaka.* Wino ulikuwa umekauka, akachovya muhuri kwenye rojo, akagonga, pa! Ndovu akakikomba chungu chote mpaka kikang'aa. Akanyoosha mkonga, akailamba na karatasi. Hicho ndicho kilikuwa cheti chao pekee cha undugu, na kilikuwa kitamu.

Tangu siku hiyo Nyani huchuma, Pimbi hupika, Korongo huonja kwanza, kwa ajili ya ukaguzi. Na kila asubuhi:

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Bado. Nimekuja tule."

Ndiyo maana wahenga wakasema: undugu ni kufaana, si kufanana. Anayekufaa ndiye nduguyo.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini kabisa ya chungu. Aliyekuwa karibu na mlango aamke, alambe mwiko.