Viti Vitano vya Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na bwawa!
Sote twanywa!
Akalitaka mmoja!
Eh! Nani huyo?

Kiboko! Wanyama tisa walikuwa na baraza lao, kila mjumbe na jiwe lake la kukalia, na Kiboko ndiye mwenyekiti. Mwaka huo mvua iligoma. Wajumbe wanne wakaenda mbali kutafuta majani.

Kiboko akaita kikao mbiombio.

“Sheria yasema, asiyekuwepo kiti chake hukaliwa na jirani. Twiga yupo?”

“Hayupo.”

“Mimi ni jirani yake.” Akalibingirisha jiwe la Twiga, gudu-gudu-gudu, mpaka kwake. “Pundamilia yupo?”

“Hayupo.”

“Mimi ni jirani yake.” Gudu-gudu-gudu! La Swala hivyo hivyo. La Nyumbu hivyo hivyo.

“Sasa nina kura tano kati ya tisa. Bwawa ni langu peke yangu!”

Bi Nguchiro, mjumbe pia, alikuwa na watoto wanne, wote wana kiu. Manyoya yakamsimama kwa hasira.

“Kila asiyekuwepo amekuwa jirani yako? Twiga alikutuma lini? Pundamilia alikwambia watoto wake hawanywi maji? Huu ni wizi wa mchana kweupe!”

“Kaa chini, mama. Tunapiga kura.”

“Kabla ya kura mjumbe ana haki ya kusema. Au na hiyo umeimeza?”

“Haya, sema.”

Akasema! Akawataja mababu wa Twiga, mmoja mmoja, na bwawa walivyolichimba. Akawataja wa Pundamilia, mmoja mmoja. Jua likapanda, likawaka, waaa! Ngozi ya Kiboko ikakauka, ikaanza kupasuka, ta-ta-ta.

“Fupisha!”

“Bado wa Swala, Mheshimiwa. Na wa Nyumbu, nao ni wengi.”

Kiboko akavumilia, akashindwa. Akatimua mbio, akajitosa majini, chubwi!

Bi Nguchiro akarukia mawe yale matano.

“Mwenyekiti yupo?”

“Hayupo!”

“Mimi ni jirani yake. Kura zake zote tano: bwawa ni la wote! Na kiti cha asiyekuwepo atakikalia yule tu aliyetumwa na ukoo wake.”

Kiboko akaibuka, pua juu. “Nipo! Nipo hapa!”

“Kikao kimefungwa, Mzee. Sogea, watoto wanywe.”

Basi wanangu, fundisho ni hili: mkiwa kikaoni semeni kwa kifupi. Hotuba ndefu haijamfaa mtu hata siku moja.

Ngano yangu imefika. Ikiwa tamu, kula nawe. Ikiwa chungu, mpelekee mwenyekiti wenu.