Sheria ya Mwenye Kinywa Kikubwa

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, majirani na wafalme kama sisi, aliishi Kindi. Kazi yake ilikuwa kutangaza habari. Kila asubuhi alipanda juu ya kichuguu, akapiga debe lake, ti-ti-ti, na wanyama wakaja kumsikiliza.

Mwaka huo mvua ziligoma. Likabaki bwawa moja tu, na Mfalme Kiboko akajilaza humo, akawa anawafukuza waliokuja kunywa, wakabaki kunyemelea maji alipolala. Jambo hilo lilimkera Kindi. Basi asubuhi moja akavimbisha mashavu, akaigiza sauti nzito ya mfalme.

"Mimi Kiboko natoa sheria. Maji ni ya mwenye kinywa kikubwa. Mwenye kinywa kidogo alambe umande."

Wanyama wakacheka, kwa-kwa-kwa, mpaka wakashika mbavu. Kindi akarudi kwake roho kwatu. Aliona leo mfalme kapatikana.

Kesho yake akamkuta Bi Swala kaketi njiani, mwanawe kamlalia mapajani, midomo imemkauka.

"Mbona hamwendi bwawani?" Kindi akauliza.

"Vinywa vyetu vidogo, ndugu yangu. Tunalamba umande, lakini hautoshi."

Kindi akachutama kando yake. "Dada, ule ulikuwa utani. Nilikuwa namsema mfalme."

"Waliokaa karibu na kichuguu walikuona ukivimbisha mashavu," Swala akajibu taratibu. "Sisi wa mbali tulisikia sauti tu. Tungejuaje?"

Kindi akakimbia mpaka bwawani, akamsihi Kiboko aikanushe ile sheria.

"Niikanushe ya nini?" Kiboko akakoroma majini. "Nimeletewa habari zake, nami nimeipenda. Iendelee."

Kindi akamfikiria yule mtoto. Kisha akainama kwa adabu.

"Sawa, mtukufu. Ila wapo wanaobisha. Wanasema kinywa cha Mamba kimekizidi chako."

"Nani anasema?"

"Wengi tu. Njoo kwenye kichuguu, uwapanulie wakione wenyewe."

Kiboko akatoka majini, pu, pu, pu, akakaa mbele ya kichuguu na kulipa bwawa kisogo. Kindi akapiga debe, wanyama wakaja, Bi Swala na mwanawe wakiwamo. Kiboko akapanua kinywa.

"Zidisha kidogo, mtukufu," Kindi akasema. "Wa nyuma hawajaona."

Kisha akamnong'oneza Swala, "Hili sasa si utani, dada. Mchukue mtoto, mwambie na mwenzio, nendeni mkanywe."

Mmoja mmoja wakachepuka. Chubwi, chubwi. Kiboko alikaa juani kinywa wazi mpaka ngozi ya mgongo ikaanza kupasuka. Aliposhindwa kuvumilia akageuka, akakuta bwawa limejaa wanyama, kuanzia twiga hadi panya.

"Nani kawaruhusu?"

"Sheria yako, mtukufu," Kindi akasema. "Wameviunganisha vinywa vyao vyote. Tazama kama chako kinavifikia."

Kiboko akatazama. Mgongo ulimwaka moto.

"Basi nipisheni, nami niingie," akasema kwa sauti ya chini.

Wakampisha. Mtoto wa Swala alikuwa bado anakunywa, mama yake kamshika asiteleze.

Kindi hakuacha kuwaigiza wakubwa, lakini tangu siku ile alianza kwa kuwauliza wa nyuma kabisa kama wanamwona.

Na ndivyo ilivyo, wanangu: mzaha ukimfikia asiyeuona uso wako, humfikia ukiwa amri.